Hesabu ya Asubuhi

Hapana, Dada. Sijamwambia. Hilo ndilo jibu la swali lako, na nimelitanguliza kwa sababu nakujua, ungeruka mistari yote ukilitafuta, halafu salamu zangu zingekosa msomaji. Sasa umeshalipata, kaa vizuri tusalimiane kama watu waliolelewa.

Shikamoo, Dada yangu. Hujambo? Afya yako huko gerezani inaendeleaje? Kile kifua kilichokuwa kinakubana wakati wa baridi kimeachia? Usingizi unapata? Na wewe Afande unayefungua barua hii na kuisoma kabla ya mwenyewe, shikamoo na wewe, maana sijui umri wako na sitaki kukukosea heshima bure. Humu ndani hakuna mpango wa kutoroka. Dada yangu huyo hata mtaro wa maji machafu alikuwa anaogopa kuuruka, ukuta wenu atauweza wapi? Ukifika mahali pa kucheka, cheka tu. Ila nakuomba usinikatie mstari hata mmoja, kwa sababu nimeandika kwa jasho. Shule yangu Dada anaijua ilikoishia. Mwalimu alisema nitoke nje nikatafakari, nikatafakari moja kwa moja mpaka leo.

Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu sana, bado yuko na cherehani yake, anaziba magoti ya suruali za watoto wa mtaa mzima. Mimi niko palepale nje ya geti la hospitali na meza yangu: ndala, mabeseni, sabuni, miswaki, chupa za chai. Mtu akimkimbiza mgonjwa wake anakumbuka shuka, anakumbuka simu, anakumbuka hadi kufunga dirisha, lakini ndala hakumbuki. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Wauguzi wananiita Daktari wa Miguu. Juzi mzee mmoja aliniuliza kama beseni langu lina garantii, nikamwambia baba, hili beseni litakuzika. Nilikuwa nataka kulisifia, Dada, lakini pale geti la hospitali neno hilo halikukaa vizuri. Hakununua.

Binti yako mzima pia. Amerefuka, yale magauni uliyomshonea kwa mkono yamekuwa blauzi. Anakula, anacheka, na kubisha anabisha, hilo nadhani amelitoa kwako.

Mambo yalivyokwenda huku najua umeyasikia vipande vipande kupitia kwa maofisa. Lakini kutoka kwangu hujayasikia, na ukitaka kujua kwa nini sijamwambia, itabidi nianzie mwanzo. Huko una pa kwenda? Basi nisikilize.

Ilianza kwa simu. Mwanamke mwenye sauti ya ofisini akauliza kama anaongea na ndugu yake fulani, akataja jina lako. Unajua mimi na sauti za ofisini. Nilidhani ni wale wa manispaa wanaotusumbua na meza zetu, nikamwambia huyo mtu amesafiri. Akasema ni bahati mbaya, kwa sababu dada yake amefungwa nchi ya pili, ana mtoto mdogo gerezani, na mtoto huyo asipopata ndugu atapelekwa kwenye kituo cha watoto wasio na kwao. Nikamwambia asikate simu, msafiri ndiyo kwanza anaingia mlangoni.

Huyo ndiye Mama Miwani, ofisa wa ustawi wa jamii wa upande wetu. Miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba kama filimbi ya refa. Alinielezea taratibu, na nilipoonekana sijaelewa akarudia bila kunifokea. Sheria ya huko kwenu, alisema, inamruhusu mtoto kukaa na mama yake gerezani mpaka umri fulani tu, na wa kwako alikuwa anaukaribia. Mwenzake wa huko, yule mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa ambaye mimi namwita Bwana Mkoba, alikuwa amekuuliza kama una ndugu. Ukamjibu kwamba unaye kaka mdogo lakini ni mtu wa kubahatisha. Asante kwa tangazo, Dada.

Nchi hizi mbili, alisema Mama Miwani, zimewekeana sahihi kwamba mtoto mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka atafutiwe ndugu kwanza kabla hajapewa watu baki. Lakini sahihi haina miguu. Bwana Mkoba hawezi kuja kuangalia nyumba yangu, na yeye hawezi kwenda kumwangalia mtoto. Kwa hiyo yeye atakuwa macho ya Bwana Mkoba huku, na Bwana Mkoba atakuwa macho yake huko. Hawajawahi kuonana hata siku moja, lakini wataaminiana. Akaniambia atakuja nyumbani kukagua.

Dada, hapo ndipo nilipoharibu.

Neno kukagua lilinipanda kichwani. Nikajiona nitanyimwa mtoto kwa sababu ya umaskini wa sebule. Nikazunguka mtaani kuazima. Bibi wa chumba cha mbele alinipa kochi lake. Mwenye duka akanipa friji, na kwa haraka tuliibeba na soda zake ndani. Seremala akanipa kitanda cha mtoto ambacho kilikuwa hata hakijakauka rangi. Wifi yako alisimama mlangoni amekunja mikono, akaniuliza kama nategemea mgeni ni mfalme. Nikamwambia anyamaze aone ujanja.

Mama Miwani akaja. Akaingia, akasifia sebule, akakaa kwenye kochi. Hajamaliza hata kufungua begi, Bibi wa chumba cha mbele akaingia bila hodi, akaenda akajibwaga pembeni yake, akanyoosha miguu. Nilipomkonyeza akanisemesha kwa sauti kubwa kwamba magoti yake yamezoea kochi lake saa hizo na hajui kukaa pengine. Mara mlangoni kijana mmoja anapiga hodi, anataka soda ya baridi, ameambiwa friji imehamia hapa. Mama Miwani akainuka, akaomba aonyeshwe anapolala mtoto. Akashika kitanda. Mkono ukarudi na rangi ya kahawia.

Wifi yako alijificha uso kwenye pazia, nikaona mabega yanatikisika. Mimi nilitamani sakafu ipasuke.

Mama Miwani hakucheka wala hakukasirika. Alifuta mkono kwa kitambaa, akaniuliza taratibu, vitu vyangu mimi ni vipi. Nikamwonyesha godoro, meza, cherehani, na mabeseni, ambayo kusema kweli yalikuwa mengi kupita kiasi. Akasema nyumba kuwa ndogo si kosa, anaweza kuandika kwamba ni ndogo na mwenzake ataelewa. Lakini hawezi kumtumia mwenzake kitu ambacho hakipo, kwa sababu yule ataamini, na mtoto atakuja kulalia hicho kitu ambacho hakipo.

Halafu akaanza maswali yenyewe. Nani atakuwa na mtoto mchana? Wifi yako akatoka kwenye pazia, akasema ataacha kibanda cha kushonea barabarani na atahamishia cherehani kibarazani. Hatukuwa tumelizungumza hilo, alilitoa palepale. Nani atamsikia akilia? Sote, nikasema, nyumba yenyewe hii, ukikohoa jirani anakuambia pole. Kisha akaniuliza mimi, nitamjibu nini mtoto akiuliza mama yake yuko wapi. Nikaanza kuleta mzaha, kama kawaida yangu. Akanisubiri. Mzaha ukaniishia mdomoni, Dada. Nikasema nitamwambia kweli, kwa kiasi anachoweza kubeba. Akaivaa miwani, akaiandika ile sentensi yangu kama nilivyoisema.

Hiyo ndiyo ahadi niliyompa, na kupitia kwake nikampa na Bwana Mkoba. Ishike hapo, tutairudia.

Siku ya kumpokea tulikwenda mpakani, mimi na wifi yako na Mama Miwani. Chumba kidogo, benchi la mbao, feni inayozunguka kwa uvivu, kalenda ya kampuni ya bima. Maofisa wale wawili ndiyo walikuwa wanaonana kwa mara ya kwanza. Walishikana mikono kwa muda mrefu, Mama Miwani akamwambia Bwana Mkoba kwamba kwa ile sauti ya simu alitegemea mtu mnene. Bwana Mkoba akacheka, akasogea pembeni, na nyuma yake alikuwa amesimama binti yako.

Kile kitambaa chako cha kichwa cha bluu alikuwa amekishika kwa mikono yote miwili. Bwana Mkoba akapiga goti mbele yake, akamwambia kwa maneno rahisi kwamba yule pale ni mjomba, mdogo wake Mama, na kwamba Mama ndiye aliyemchagua. Akamwambia yeye atakuwa anapiga simu kumuuliza hali. Sikutegemea mwanaume wa serikali mwenye mkoba kupiga goti kwenye sakafu chafu vile. Mwambie ukimwona kwamba Daktari wa Miguu anamdai ndala, pea nzuri kabisa, aje achukue. Au mwambie nimemshukuru tu, lolote atakaloweza kuamini.

Tulipotaka kuondoka, mtoto akasimama mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, Dada, wazi kabisa. Wifi yako alikuwa ameshatoka, anamwita. Yeye amesimama ndani ya kizingiti, ananitazama. Nilidhani anaogopa watu. Bwana Mkoba akaja, akaushika ule mlango, akaufunga, akaufungua tena, akamwambia haya, pita. Ndipo akapita.

Miezi ya kwanza alimwita wifi yako Afande. Afande naomba maji, Afande naomba kwenda chooni. Mtaani wakacheka, nikacheka na mimi, Mungu anisamehe. Wifi yako hakucheka. Alimwambia yeye si afande, ni fundi, na tangu siku hiyo anamwita Fundi. Majirani walimshauri amzoeshe kumwita Mama, awahi akiwa bado mdogo. Akawajibu kwamba cheo hicho kina mwenyewe, yeye hakai kwenye kiti cha mtu aliyetoka nje kidogo. Unaona ulivyopata wifi? Na mimi ndiye niliyemtafuta, usisahau.

Asubuhi tulikuwa tukiamka tunamkuta amesimama kando ya godoro. Blanketi amelikunja, kile kitambaa chako kiko juu ya mto, yeye mikono pembeni, kimya, anatazama mbele. Nikiingia namkuta anasubiri. Nikamwambia haya twende chai, akaja. Kila siku hivyohivyo. Mimi nikaona huyu mtoto ana adabu ya kuzaliwa nayo, nikaenda kujisifu pale getini, nikawaambia wauguzi mpwa wangu anatandika kitanda kuliko wagonjwa wao.

Mama Miwani alipokuja kututembelea nikamwelezea kwa majivuno. Akampigia Bwana Mkoba palepale. Bwana Mkoba akasema atauliza. Akamuuliza askari wa kike wa bweni lenu, yule ambaye baadaye niliambiwa alikuwa anamletea mtoto penseli za rangi kutoka kwake. Jibu likarudi kwa njia ileile, kutoka kwa askari hadi kwa Bwana Mkoba, kutoka kwake hadi kwa Mama Miwani, hadi sebuleni kwangu. Mtoto anasubiri kuhesabiwa.

Niliondoka nikaenda kusimama na mabeseni yangu nje. Niliyapanga, nikayapangua.

Wakatushauri, wale wawili kwa pamoja, tusimkataze wala tusimcheke. Tumpe muda, na tumpe mlango. Kwa hiyo ufunguo wa mbele anao yeye sasa. Asubuhi yeye ndiye anayetufungulia. Siku za kwanza alifungua na kufunga mpaka Bibi wa chumba cha mbele akauliza kama tumefungua benki. Na mimi nikaanza kumhesabu, kwa utani. Naingia, napiga saluti, nasema mmoja, yupo, asante Afande, twende chai. Anacheka mpaka anakaa chini. Nilijiona nimeshinda.

Sasa nije kwenye ile siku ya simu.

Unajua ilivyopangwa. Bwana Mkoba aliomba kwa mkuu wenu wa gereza, Mama Miwani akaomba kwa wakubwa zake, kompyuta moja huku, moja huko, muonane. Wifi yako alimshonea mtoto gauni jipya. Nilifunga meza mapema, nikapoteza wateja wa jioni, na hao ndio wanaolipa bila kubishana. Tukakaa ofisini kwa Mama Miwani mbele ya kioo. Kikawaka. Tukaona ukuta wa kijani, meza, na kiti.

Kiti hakikuwa na mtu.

Tulisubiri. Akapita askari, akainama mbele ya kamera, akasema mfungwa hajisikii vizuri, hawezi kuja. Mimi niliangalia uso wa yule askari, Dada, nami ni mfanyabiashara, najua mtu anayesema kitu kwa niaba ya mwingine. Hukuwa unaumwa. Ulikuwa umekataa.

Mtoto aliuliza kama kile ni kiti cha Mama. Mimi, mdomo wangu huu, nikamwambia kioo cha huko kimeharibika, kinatuonyesha viti tu, watu hakiwaonyeshi. Nilimuuzia beseni lililotoboka. Na tangu siku hiyo kila jioni nikirudi ananiuliza kama kioo cha Mama kimepona.

Mama Miwani aliniweka pembeni. Alisema yeye hakulaumu, na kwamba amewaona wengi wakikataa hivyo, na si kwa kukosa upendo. Lakini alisema neno moja lililonikaa. Alisema watu wanadhani ile simu ni zawadi ya mfungwa, ndiyo maana mfungwa anaona anaweza kuirudisha. Kumbe simu ile imeombwa kwa jina la mtoto. Ni haki yake yeye, mwenyewe ni yeye, na nchi mbili zimehangaika ili aipate.

Baadaye ikaja barua yako. Nimeisoma, wifi yako ameisoma, tumeikunja tukaiweka juu ya kabati. Umeeleza vizuri, sikatai. Kwamba kifungo bado ni kirefu. Kwamba ataanza shule, na watoto wenzake wakijua watamwita mtoto wa gerezani. Kwamba siku akikuona umevaa yale mavazi mbele ya ukuta ule atarudi humo kwa akili hata kama mwili uko kwetu. Kwamba amezoea, amenenepa, ana Fundi na ana mjomba. Na kwamba mtu aliyekufa analiliwa mara moja, halafu watu wanaendelea. Ukaniomba nimwambie umekufa, na kabla sijajibu ukaandika tena kuuliza, haya, umeshamwambia?

Nataka ujue sikukupuuza. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni nikiwa na homa, ndiye uliyenifundisha kuuza hata kabla sijajua kuandika jina langu. Ukiniambia kitu huwa nakifanya. Nilikaa na ile ahadi niliyompa Mama Miwani upande mmoja, na wewe upande mwingine, na nitakwambia kweli, upande wako ulikuwa mzito. Nikasema serikali zitanisamehe. Nikapanga maneno. Nikachagua asubuhi, kabla ya chai, wifi yako akiwa ametoka kwenda kupeleka nguo za wateja.

Nikawahi kuliko kawaida. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishiwa kidogo, nikasikia sauti. Nikachungulia.

Alikuwa ameshasimama kando ya godoro. Blanketi limekunjwa, kitambaa chako cha bluu juu ya mto. Akajigusa kifua, akasema mmoja. Akainama, akakigusa kitambaa, akasema wawili. Akasimama wima tena, akasema kwa sauti nzito ya kuigiza, wawili, wapo wote. Halafu akatulia, akasubiri mimi niingie na saluti yangu.

Nikaingia. Saluti sikupiga. Nikapiga goti kama yule Bwana Mkoba, nikamuuliza wa pili ni nani. Akanitazama kama naulizia jina la jua. Akasema Mama. Nikamwambia lakini Mama anahesabiwa kule. Akasema ndiyo, kule wanamhesabu wao, huku namhesabu mimi. Nikamuuliza, sasa hesabu isipotimia inakuwaje? Hilo nililiuliza kwa ujinga tu, Dada, sikujua nauliza nini. Akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayenifundisha kazi. Mmoja akikosekana kengele inalia, na hakuna anayekaa. Hakuna chai. Watu wote wanasimama, hata wenye watoto, hata wagonjwa, mpaka apatikane.

Akaongeza kwamba siku moja wewe ulisimama umembeba mpaka miguu yako ikavimba. Kwa hiyo yeye huwa anahesabu mapema, usije ukasimama tena.

Hili ndilo nililotaka ulijue, na ndilo lililofanya niandike barua ndefu hivi wakati hata orodha ya sabuni huwa naandikiwa na wifi yako. Kila siku ya Mungu, tangu alipofika, wewe unahesabiwa nyumbani kwangu. Nilidhani nina mtoto mmoja wa kulea, kumbe nina watu wawili chumbani na sikujua. Ile hesabu yangu ya mmoja yupo ilikuwa pungufu muda wote, na yeye alikuwa ananisamehe tu kwa sababu alikuwa ameshaisahihisha kabla sijaingia.

Sasa wewe unaniambia nimpunguze mmoja. Nimwambie umekufa. Dada, wewe uko huko, unajua kuliko mimi hesabu ikipungua watu wanafanya nini. Huyu hatalia mara moja akaendelea. Huyu atasimama. Atasimama kando ya lile godoro akiwa darasani, akiwa mkubwa, akiwa na watoto wake, anasubiri apatikane aliyekosekana, na mimi nitapita mlangoni kila asubuhi namwambia twende chai.

Siwezi. Nitafanya mengine yote, hilo siwezi.

Nililia, ndiyo, usimwambie mtu. Afande na wewe usimwambie mtu. Nilipofika getini nilimuuzia mama mmoja ndala mbili za mguu wa kushoto, na alirudi nazo saa hiyohiyo, akaniuliza kama mgonjwa wake nimemwona anavyotembea.

Wifi yako anasema kifua ukifunike na unywe maji ya moto. Bibi wa chumba cha mbele anakusalimu, anasema kochi liko salama na halitaazimwa tena. Mama Miwani anakusalimu kwa heshima. Wasalimie wenzako wa bweni, na umsalimie sana yule askari wa penseli za rangi, mwambie zile penseli zimebaki vipande lakini bado zinachora. Binti yako salamu hajatuma, kasema atakupa mwenyewe.

Na mimi, kwa kuwa sijui kumaliza jambo bila kufanya biashara, nakuletea biashara.

Simu nyingine imeshaombwa, Mama Miwani na Bwana Mkoba wamehangaika tena kuipata. Wewe njoo. Sikuombi uongee. Sikuombi utabasamu, wala ueleze chochote, wala ukae kwenye kile kiti. Usimame tu pembeni yake, mikono chini, kama unavyosimama asubuhi. Mavazi yawe hayohayo, ukuta uwe huohuo, yeye huo ukuta anaujua kuliko unavyofikiri, hauogopi, anaogopa kiti. Atakuhesabu. Ni kitendo cha muda wa kufumba jicho. Akishasema wawili, wapo wote, ukitaka geuka uondoke, nitazima kioo mwenyewe na sitakulaumu.

Kwa upande wangu natoa hivi: nitamwambia kwamba kioo hakikuwa kibovu, nilisema uongo, na nitaubeba uongo wangu mwenyewe bila kukutaja. Shuleni nitampeleka mimi, na atakayemwita lile jina atanikuta kwenye geti la shule, na mdomo wangu unaujua. Na kama baada ya kuhesabiwa bado unataka kufa, basi niandikie tena swali lako lilelile, nitakaa nikusikilize upya. Hakuna duka utakakopewa ujaribu kwanza namna hiyo.

Ukikubali, usihangaike na barua, inachelewa. Mwambie Bwana Mkoba neno moja tu, lile mnaloitikia asubuhi mkiitwa. Yeye atampigia Mama Miwani, Mama Miwani atanipigia mimi pale getini, na mimi nitafunga meza nitakimbia nyumbani kulifikisha kwa mwenyewe. Sema tu, Nipo.

Mdogo wako,
wa ndala na mabeseni.